Mtoto Imekataa

Sentensi ya mwisho ambayo baba aliniambia akiwa mzima ilikuwa na kosa la sarufi. Tulikuwa kwenye simu, mimi Nairobi, yeye Garissa sokoni, nikisikia mbuzi nyuma yake. Nilikuwa nimemaliza kumweleza kwa Kisomali, lugha yetu ya nyumbani, kwamba sitaolewa na yule mtu wa Rhamu mwenye mashamba ya vitunguu kando ya mto Daua, na kwamba sirudi kukaa Garissa, si sasa. Kisha akasema kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuwahi kuitumia nami hata mara moja maishani:

"Sawa. Mtoto imekataa."

Simu ikakatika.

Mwalimu yeyote angeweka mstari mwekundu hapo. Mtoto amekataa. Mtu ni a-, mnyama ni a-, chochote kinachopumua ni a-. Chai imemwagika, nyumba imeanguka, dawa imekwisha, lakini mtoto amekataa. Na yeyote anayetufahamu sisi Wasomali wa huku angeniambia niachane nalo: mzee alijifunza Kiswahili ukubwani, na huku kwetu kila kitu ni imekuja. Mvua imekuja, polisi imekuja, shangazi imekuja. Hiyo ndiyo njia rahisi ya kuielewa sentensi ile. Mimi sikuweza kuishika, kwa sababu nilikuwa nimetumia nusu ya ujana wangu nikijaribu kuthibitisha kwamba baba yangu hakosei Kiswahili kwa kutojua. Anakikosea makusudi, na anachagua nani wa kumkosea.

Kwa hiyo nilibaki na swali moja, na sijapata kulala nalo vizuri tangu siku hiyo. Aliteleza ulimi, au alinitoa katika watu akaniweka katika vitu?

Baba alikuwa dalali katika soko la mifugo. Alizaliwa porini upande wa Hadado, akachunga ngamia wa babake mpaka ukame ulipowamaliza, ndipo akaja mjini. Kiswahili alikiokota kwa madereva wa malori na wachinjaji waliokuja kununua ng'ombe kutoka bara. Hakukaa darasani. P yake ilikuwa b, v yake ilikuwa f. "Bole bole," alikuwa akisema, "kila kitu fizuri," kwa sauti ya mtu anayemtuliza ngamia mwenye wasiwasi.

Kazi yenyewe ilimfundisha kusema kwa njia mbili kwa wakati mmoja. Sokoni kwetu bei haitajwi. Dalali na mnunuzi hupeana mikono, mikono ikafunikwa kwa shuka, na vidole ndivyo vinavyozungumza: kidole kikiminywa hivi kina maana yake, vikishikwa pamoja vina maana nyingine. Juu ya shuka midomo inaulizana habari za mvua na za wagonjwa. Nilikua nikilitazama shuka lile likichezacheza kama limefunika paka, na mapema sana nikajua kwamba wanaume wale hawazungumzii mvua.

Siku niliyomgundua nilikuwa msichana wa sekondari, niko nyumbani likizo. Kiongozi mmoja alikuja kufanya baraza. Alikuwa amewahi kuja kabla ya hapo kuahidi kisima, na kisima hakikuonekana, na sasa alikuwa amerudi na gari jipya kukiahidi tena. Wazee wakamchagua baba atoe neno la kukaribisha, kwa sababu alizoea kusema na watu wa bara. Akasimama, akakaza shuka lake begani.

"Assalamu aleikum. Kiongozi chetu hiki kimefika. Siku nyingi tulikingoja. Leo kimekuja, tumekiona kwa macho. Na gari bia amefika. Gari amechoka sana, njia mbaya. Naomba gari abewe maji."

Wazee waliokaa nyuma waliinamisha vichwa. Kilemba kimoja kilianza kutikisika. Wanawake walijifunika midomo kwa shungi zao. Mgeni alitabasamu, na alipochukua kipaza sauti alisema amefurahi kuona wazee wetu wanajitahidi na lugha ya taifa, hata kama ngeli zinawapiga chenga. Watu wakapiga makofi. Baba naye akapiga makofi.

Kiongozi ni neno lenye umbo la kitu, kama kiti na kikombe, lakini kwa kuwa ni mtu tunasema kiongozi wetu huyu amefika. Baba akamwacha palepale kwenye viti na vikombe. Gari akaliinua, akalipa pumzi na kiu. Lakini si hilo lililonishtua zaidi. Asiyejua ngeli hukosea ovyo, na baba siku zote alisema kitabu yangu, kiti yake, kisu imepotea. Siku ile chetu, hiki, kimefika, tulikingoja, tumekiona, vyote vilikaa mahali pake kama meno mdomoni. Huwezi kukosea kwa usahihi namna ile kwa bahati.

Nyumbani nilimfuata mpaka alipotandika mkeka wake, tukazungumza kwa Kisomali kama siku zote.

"Aabo, ulifanya makusudi."

"Makusudi gani?"

"Kiongozi kimefika. Gari amefika."

"Kwani havikufika?"

"Aabo!"

"Mimi ni mchunga ngamia, aabo. Kiswahili chenu kina milango mingi. Mimi naingia ule niliokuta wazi." Akajilaza ubavu, akageukia ukuta, na nikaona mabega yake yakicheka.

Nieleze hilo neno. Aabo ni baba. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa cheo chake mwenyewe: nilimwita aabo, naye akaniita aabo. Namwita mama hooyo, naye ananiita hooyo. Rafiki zangu wa Nairobi huchanganyikiwa wakisikia, wanauliza ni nani hasa aliyemzaa mwenzake. Sikuwahi kuliwazia neno hilo. Lilikuwa kama mlango wa nyumba yetu, unaupita tu.

Tangu baraza lile nikawa mtegaji. Nilikaa karibu naye kila alipozungumza na wasiokuwa Wasomali, nikasikiliza viambishi kama watu wengine wanavyosikiliza siri. Na nikaona mpangilio. Ngamia alikuwa a-, daima: ngamia amekunywa, ngamia amekasirika. Mzee mmoja kipofu aliyeuza maji kwa mkokoteni alikuwa a-. Hooyo, alipomtaja kwa wageni, alikuwa a-. Lakini mnunuzi mwenye dharau imekuja, karani imelala, mkaguzi imekula. Yeyote aliyemdharau kidogo alishuka daraja bila kujua, akaaga kwa heshima, akaondoka akiwa kitu.

Nilienda chuo kikuu kusoma isimu na Kiswahili kwa sababu ya viambishi vile, ingawa kwenye mahojiano ya kuingia nilitoa sababu nyingine. Na ulipofika wakati wa kuandika tasnifu niliandika juu ya kosa la makusudi kama tamathali ya usemi miongoni mwa wasemaji wa lugha ya pili. Hoja yangu ilikuwa kwamba mtu anayetegemewa kukosea ana silaha ambayo mzawa wa lugha hana. Mzawa akisema kiongozi kimefika, ametukana. Baba yangu akisema, amejitahidi. Dharau inapita chini, na juu ya shuka kuna mzee anayehurumiwa.

Mhadhiri wangu, mama mpole kutoka pwani, aliisoma yote kisha akanikalisha ofisini.

"Umejuaje kwamba amekusudia?"

"Mpangilio, mwalimu. Si ovyo."

"Mpangilio umeuona wewe, na wewe ndiye uliyekuwa ukiutafuta. Kosa haliwi tamathali kwa sababu unampenda anayelifanya, mwanangu. Umemuuliza?"

"Nimemuuliza. Anakataa."

"Basi ama anasema kweli, ama ni hodari kuliko wewe. Na hutajua ni lipi."

Nilikasirika kwa majuma. Mimi ni mtu wa kuuliza: nimewauliza masheikh, nimewauliza walimu, nimewauliza wazee wa ukoo mpaka wakamwambia baba anifunge mdomo, naye akawajibu kwamba mdomo huo ameulipia karo. Lakini swali la mama yule lilikuwa gumu kuliko yangu yote, kwa sababu lilikuwa la haki. Tamathali ya baba iliishi kwa kukanushwa. Siku ambayo angekiri ingekufa, na angekuwa mzee aliyemtukana kiongozi hadharani. Nilitaka ushahidi wa jambo ambalo uzima wake wote ulikuwa katika kutokuwa na ushahidi.

Halafu ikaja simu ile. Mtoto imekataa.

Nilipaswa kucheka. Kama nadharia yangu ilikuwa sahihi, nilikuwa nimetajwa ndani yake, kando ya karani na mkaguzi. Kama ilikuwa upuuzi, baba alikuwa mzee aliyekasirika tu, akashika lugha iliyokuwa karibu, na imekataa ilikuwa imekataa. Kwa mara ya kwanza nilitaka mhadhiri wangu awe sahihi. Nilitoa tasnifu yangu kutoka chini ya kitanda nikaisoma upya kama hakimu anayetafuta mwanya wa kumwachilia mshtakiwa. Sikuuona. Nilikuwa nimeiandika vizuri.

Hatukuzungumza tena. Hooyo alitupitishia salamu: baba yako anakusalimu, hooyo. Nilijua hakuwa amesalimu. Na baba nadhani hooyo alimwambia vivyo hivyo juu yangu.

Kiharusi kilimkuta kazini, mkono wake ukiwa chini ya shuka. Mnunuzi aliyekuwa ameushika alituhadithia baadaye. Alisema wakiwa katikati ya mapatano ya ngamia dume, alihisi vidole vya baba vikinyamaza. Akadhani mzee amekataa bei. Akaminya tena, akangoja. Kisha mwili wote ukamwangukia.

Nilifika hospitalini jua likiwa bado kali. Upande wake wa kulia ulikuwa umepooza. Mdomo ulikuwa umevutwa pembeni, kama mtu anayetaka kukunong'oneza jambo juu ya aliyekaa jirani. Hooyo alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki, na uso wake haukuwa wa huzuni. Ulikuwa wa mtu aliyetukanwa.

"Muulize baba yako nimemkosea nini," akaniambia kwa Kisomali.

"Kwa nini, hooyo?"

"Ananiongelesha kama mteja."

Baba alifungua macho, akamwona, akasema kwa taabu, lakini wazi: "Maji. Maji kidogo. Asante, mama." Kwa Kiswahili.

Daktari alinichukua kando akanieleza kwamba haya hutokea, si mara nyingi. Mtu mwenye lugha mbili anaweza kupoteza ile ya kuzaliwa akabakiwa na ile ya kujifunza. Huenda Kisomali kingerudi, huenda kisirudi. Kusikia, alidhani, anasikia zote mbili. Kusema, ni hiyo moja. Nilimtafsiria hooyo. Akasikiliza, akaitikia kwa kichwa, na aliporudi kwenye kiti chake akamwambia baba kwa Kisomali, taratibu, kama anayemwita mtu aliye ng'ambo ya mto: "Nisalimie." Baba alimtazama. Midomo ikafanya kazi. Jasho likamtoka kwenye paji la uso.

"Hujambo, mama," akasema, na machozi yakamteremka upande ule mzima.

Walikuwa wameishi pamoja maisha yao yote kwa Kisomali. Hooyo alitoka Wajir akiwa tayari mke wa baba, na Kiswahili chake kilikuwa cha kununulia sukari. Sasa nilikuwa mkalimani kati ya baba yangu na mama yangu, ndani ya chumba chao cha kulala, tulipomrudisha nyumbani. Nilitafsiri mto, nilitafsiri choo, nilitafsiri baridi imeingia dirishani.

Na muda wote nilikuwa nasikiliza. Najua inavyosikika. Mzee ameanguka, mkewe amelia mpaka sauti imekauka, na binti amekaa miguuni pa kitanda anasikiliza viambishi. Lakini swali langu halikuwa limeanguka naye. Sasa alikuwa hana lugha nyingine ya kunitaja isipokuwa hii ambamo alinitaja vile. Aabo lilikuwa limepotea pamoja na mengine. Sikuwa na jina kwake. Alinitazama mara nyingi, akasema, "Mtoto..." kisha akakwama hapo, pumzi imemwishia au neno limemkimbia, na nikakaa nikingoja kitenzi ambacho hakikuja.

Viambishi vingine vilikuja, na havikunisaidia. Kikombe amekuja, alisema siku moja, akifurahia chai. Kesho yake, chai imekuja. Mama amechoka, mama abumzike. Daktari imekuja. Jua amekuja. Nilijaribu kuupata ule mpangilio wangu wa zamani, nikauona mara moja, mara mbili, kisha ukabomoka.

Baada ya siku kadhaa hooyo alinikuta jikoni nikimwaga uji wa anjera, chapati zetu za maji, kwenye chuma, akachukua kijiko mkononi mwangu kwa sababu nilikuwa nazifanya nene.

"Nifundishe Kiswahili."

"Anakusikia ukimsemesha kwa Kisomali, hooyo. Daktari amesema."

"Najua ananisikia. Lakini ameachwa peke yake huko. Nataka nimfuate."

Nikaanza kumfundisha pale pale, mikono yake ikiendelea kuzungusha uji. Nikamwambia: chakula kimekuja. Akarudia. Nikamwambia: mtoto amekuja, watoto wamekuja, dawa imekuja, dawa zimekuja. Akaacha kijiko.

"Hayo ni ya shule. Yeye hasemi hivyo."

"Yeye anakosea, hooyo."

"Basi nifundishe hayo anayokosea. Sitaki chako. Nataka chake."

Nilisomea lugha ile miaka mingi, na mwanafunzi wa kwanza niliyewahi kuwa naye aliniomba nimfundishe vibaya. Nikamfundisha vibaya, kwa uangalifu. Chakula imekuja. Dawa imekuja. Mgeni imekuja. Mtoto imekuja. Alipoteleza akasema kimekuja, nilimsahihisha mpaka akakosea sawasawa. Hata bole nilimwachia. Siku mbili tatu baadaye nilisimama nje ya mlango nikamsikia akimwambia baba, kwa sauti ya msichana anayesoma mbele ya darasa: "Mzee, chai imekuja. Kunywa bole bole." Kisha baba akacheka. Kilikuwa kicheko kibovu, cha upande mmoja, chenye mate, na nilikuwa sijakisikia tangu kabla ya simu yetu.

Wakawa na dunia yao humo ndani, ya maneno machache. Nilipotoka kwenda dukani au duka la dawa, nilirudi nikiwasikia kwa mbali, na mara nyingi nilipoingia chumbani nilimkuta hooyo ameinua mikono anaomba dua, na baba macho yamefumbwa. Nilikuwa nasubiri amalize ndipo niweke dawa chini. Sikuuliza. Nyumba yenye mgonjwa ina dua nyingi.

Mchinjaji mmoja kutoka Mwingi, rafiki wa baba tangu ujana wa wote wawili, alikuja kumwona akiwa na fungu la nyama kwenye gazeti.

"Sasa mzee, unalala mchana kama tajiri?"

"Rafiki yangu imekuja," baba akasema, upande mzima wa uso ukimng'aa.

"Imekuja, imekuja na ini. Amka tukale."

"Meno imekataa."

"Meno yalikataa zamani, hiyo si ugonjwa."

Nilimsindikiza mpaka getini, nikashindwa kujizuia. Nikamuuliza kama haimuudhi, kuitwa imekuja miaka yote.

"Iniudhi kwa nini? Ndivyo anavyosema."

"Kwa watu wote? Si kwa wale anaowadharau tu?"

Akanitazama kana kwamba nina homa. "Baba yako? Akiwa na njaa hata ngamia ni imekuja. Akishashiba ni amekuja. Pole, msichana wangu. Lala kidogo."

Nilisimama getini baada ya kuondoka kwake. Rafiki yangu imekuja. Kama mchinjaji yule alikuwa katika vitu, basi vitu havikuwa mahali pa dharau. Nikawaza hata sarufi ya vitabuni haiko safi: tunasema ng'ombe wangu, lakini baba yangu, mama yangu, rafiki yangu, kwa yangu ile ile ya nyumba na chai. Walio karibu nasi kabisa lugha yenyewe inawashusha kidogo, au inawasogeza ndani zaidi, sijui. Niliondoka na matumaini kiasi. Lakini mimi ndimi ninayejijua. Tumaini nililolitafuta mwenyewe silikubali kirahisi, maana nadharia yangu ya kwanza nayo niliitafuta mwenyewe.

Alasiri moja hooyo alipolala, niliingiza mkono wangu chini ya shuka la baba nikaushika mkono wake wa kushoto, ule mzima. Alikuwa macho, anatazama dari. Baadaye kidogo vidole vyake vikaanza. Kimoja kikaminya. Viwili vikashika pamoja, vikaachia. Kimoja tena. Hakuna mwanamke anayefundishwa lugha hiyo. Nilimuuliza kwa Kisomali, aabo, unasema nini, na akaendelea kuminya, polepole, kwa subira, kama mtu aliye na mnunuzi mgeni. Nilirudisha minyo ile ile nilivyoipokea, bila kujua ninakubali nini.

Alifariki siku mbili baadaye, baada ya adhuhuri, tukamzika kabla ya magharibi. Wanaume wakaenda makaburini, mimi nikabaki na wanawake. Watu wa bara walionipigia simu niliwajibu, baba yangu amefariki, baba yangu amefariki, na kila mara nilisikia jinsi nilivyoisema kwa usahihi.

Nilirudi Nairobi kazini, kisha nikaja tena kumwona hooyo akiwa bado kwenye eda, mavazi meupe, haondoki nyumbani. Nilisukuma geti la bati, likagonga ukuta kama kawaida yake. Nikamsikia kutoka chumbani: "Mtoto imekuja!" Nilipoingia alikuwa ameshika mdomo.

"Mazoea," akasema kwa Kisomali.

Tulikunywa chai. Kitanda cha baba kilikuwa kimesimamishwa ukutani. Aliniuliza juu ya kazi, juu ya baridi ya Nairobi. Kisha akasema, bila kunitazama:

"Baba yako alikuombea sana. Unajua?"

"Lini?"

"Kila siku. Wewe ulidhani amekasirika nawe."

"Aliniombea vipi, hooyo, na hakuwa na maneno?"

"Alikuwa nalo moja. Nikisikia geti, namwambia kama ulivyonifundisha: mtoto imekuja. Naye anasema aamiin."

Niliweka kikombe chini. "Anasemaje hasa?"

"Aamiin. Ila hakuweza kuimaliza, maskini, ulimi ulikuwa mzito. Anasema ame. Namwambia, mtoto imekuja. Anasema, ame. Narudia, mtoto imekuja. Ame, ame. Mpaka nainua mikono nakuombea dua, ndipo ananyamaza. Siku moja alikasirika kabisa, akapiga kitanda kwa ule mkono mzima: ame! Nikajua leo anataka dua ndefu."

Hooyo alikuwa anatabasamu. Alikuwa amelihifadhi hilo tangu msiba, amenisubiri nalo.

Nilikitazama kile kitanda ukutani. Nilimwona baba kitandani, mke wake amekuja kumfuata ng'ambo kwa lugha niliyomtengenezea mimi, anamwambia kila siku kwa upendo wote kwamba mtoto imekuja. Naye ana silabi mbili tu za kusema siyo, amekuja. Na kila alipozisema, mikono ilipanda juu kuomba.

Au alisema aamiin. Kwa nini asiseme? Alikuwa Mwislamu akisikia kwamba bintiye amefika salama. Mhadhiri wangu angeniuliza nimejuaje, na nisingekuwa na jibu, na safari hii hakuna wa kwenda kumuuliza na kukanushiwa. Yote mawili ni jibu la swali langu. Ningetoa chochote niwe na uhakika wa mojawapo.

"Mbona unalia?" hooyo akauliza. "Si ni dua?"

"Ni dua, hooyo."

Baadaye alinituma dukani kununua majani ya chai. Niliporudi geti likagonga ukuta, na kutoka ndani, labda kwa mazoea, labda makusudi, akaita tena: "Mtoto imekuja."

Nilisimama mlangoni na viatu mkononi, nikangoja asahihishwe.